Sinia la Watoto wa Likoni

Mtoto hali kwa masikio. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwenu nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kuhudumia watoto wa watu, na nyinyi mnaolea wa kwenu, kwa sababu nawasikia. Kila adhuhuri namsikia jirani yangu hapa Kisauni akihubiri: kula mchicha unaongeza damu, kula maharagwe yana nguvu, kula, ukimaliza nitakupa peremende. Mama anaeleza, mtoto anatazama ukuta, na mchicha unapoa. Ningekuwa na magoti ya zamani ningevuka ua nikamwambia. Magoti yamegoma, basi naandika.

Mimi nilikuwa mpishi. Sikuwa nesi wala daktari, ingawa watu wa Timbwani, mtaa wa kule Likoni, waliniita daktari wakiwa na shida na mpishi wakiwa na hasira. Nilipika katika kliniki ya watoto kule Likoni tangu miaka ambayo bendera ilikuwa ya Mwingereza, na katikati nilipelekwa Changamwe kidogo. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya zahanati, na ndani mlikuwa na benchi na mizani ya kuwaning'iniza watoto, wakalia kama wanaochinjwa. Nje palikuwa na kibaraza, na hapo ndipo palipokuwa pangu, na seredani za makaa na sufuria na mbuzi ya kukunia nazi. Kazi yangu ilikuwa kupika vyakula ambavyo mama yeyote angevipata bila kwenda mjini, kuwaonyesha akina mama namna ya kuvipika, kisha kuwafanya watoto wavile na wavipende. Kupika ni kazi ya mikono tu. Kule kuwafanya wavipende ndiko kulikonizeesha.

Aliyenifundisha ni Bi Kibibi, mwanamke wa Mkomani, mnene na mkali, aliyekuwa mpishi pale kabla macho yake hayajaingia ukungu. Siku yangu ya kwanza nilimpakata mtoto mmoja mbishi, nikambana pua, na alipoachama kutafuta hewa nikamtia kijiko cha kunde. Kwetu ndivyo tulivyolishwa sote, na nilidhani dunia nzima hulishwa hivyo. Bi Kibibi alinichapa kofi la mkono, kijiko kikaruka kikaangukia buibui la mama aliyekuwa kwenye foleni.

"Wewe, Zena, wamlisha au wamzika?" akaniuliza. "Mtoto hali kwa masikio, wala hali kwa pua. Mtoto yuwala kwa mato. Keti hapo, ule wewe, na usimtazame."

Nikaketi, nikala kunde kwa sima mbele ya macho ya yule mtoto anayelia. Bi Kibibi akaniambia nile kwa raha, nilambe vidole, nisiwe kama mtu aliye matangani. Baada ya muda kilio kikakatika. Mtoto akajisogeza kwa makalio, akatia mkono kwenye sahani yangu na kuchukua kunde moja. Nilifurahi, nikamgeukia kumsifu, naye akaitupa pale pale.

"Nalikwambia usimtazame," akasema Bi Kibibi, na akanihesabia siku ile kuwa imepotea.

Yote niliyojua baadaye yalitoka hapo. Msimtazame mtoto mdomoni, maana akijua unataka sana ale, atakunyima. Mpeni kidogo, chini ya anachoweza kumaliza, ili aombe tena, kwa sababu chakula alichoomba hakitemi. Mwacheni ashike kwa mkono wake hata akijipaka mpaka nyusini. Mnavu ni mchungu, basi uchanganyeni na mchicha na tui zito, na kila siku mpunguze mchicha kidogo bila kumtangazia mtu. Simu, wale samaki wadogo, wakaangeni mpaka wakauke, muwatwange, muwatie kwenye uji, na hata paka hatajua. Na mtakalofanya lolote, msikiite chakula dawa, kwa sababu mtoto akishasikia dawa hatauliza tena utamu wake.

Kule Changamwe niliwapikia zaidi wake wa wafanyakazi wa reli na wa bandari, watu wa bara waliopanga vyumba upande wa Magongo. Watoto wao walikula pure ya mahindi na maharagwe bila kubembelezwa, nikawaonea wivu mama zao. Lakini samaki! Mama mmoja aliniuliza kama yule samaki mkunga niliyekuwa namkatakata ni nyoka aliyetolewa kichwa. Siku ya pili nikampikia mtoto wake uji wa simu waliotwangwa, akala, na mama mwenyewe akakomba sufuria. Nilipomwambia ndani mlikuwa na nini aliniangalia kama niliyemlaghai, akaondoka bila kuaga. Juma lililofuata alirudi na bakuli kubwa zaidi.

Nawasimulia haya muone kwamba tulicheka. Kazi ile ilikuwa na vicheko vyake, na yeyote atakayewaambia kwamba watu wa zamani walikaa wamenuna hakuishi nasi. Lakini sehemu kubwa ya miaka ile sikuwa nacheka, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue.

Likoni haikuwa na njaa, na hili mlishike vizuri. Muhogo ulikuwapo, nazi zilikuwapo, kunde zilitambaa nyuma ya nyumba, kuku walitapakaa njiani, na samaki waliingia majumbani karibu kila siku. Ila chakula kilikuwa na daraja zake. Kichwa cha samaki ni cha baba, mnofu ni wa wanaume na wageni, na mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya sima. "Mtoto atashiba mchuzi," ndivyo walivyosema, na ndivyo hata mama yangu alivyosema. Yai hapewi, atakuja kuwa mwizi. Mama mwenyewe anakula mwisho, akikuta kitu. Hakuna aliyemnyima mtoto kwa chuki, na nyumba ilijiona inashiba, maana wakubwa walishiba.

Basi mtoto akiachishwa ziwa ghafla, labda mama ameshika mimba nyingine, anaingia kwenye chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, asubuhi na jioni. Kwa macho anaonekana amenenepa. Halafu ukimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo. Nywele zinageuka rangi, zinakuwa laini na za kikahawia, na ngozi inabanduka. Mtoto anakuwa na huzuni ya mtu mzima, hataki kuchezewa, hataki kuguswa. Na ukatili wa ugonjwa ule ni kwamba unamwondolea hamu ya kula. Yule anayehitaji chakula kuliko wote ndiye anayegeuza uso.

Kliniki tuliuita utapiamlo. Majumbani kule Likoni, kwa ndugu zetu Wadigo, walikuwa na jina lao, chirwa. Na chirwa si jina la ugonjwa tu, ni hukumu. Lina maana kwamba mmoja wa wazazi alitoka nje ya ndoa mtoto angali mchanga, na uchafu ule ndio uliomvimbisha. Wanasema mmoja wa wazazi, lakini katika miaka yangu yote sikuona baba aliyeulizwa. Aliulizwa mama. Na mpaka aseme alikuwa na nani na afanyiwe dawa, hatakiwi kumgusa mtoto, maana kumgusa ni kummaliza.

Sasa msikilize kosa tulilolifanya. Sista wetu alikuwa Mzungu, mwanamke wa haraka na wa haki, aliyewapenda wale watoto kwa dhati. Akaona watoto waliovimba wanapotea katika msongamano, wengine wanaondoka bila kupata maziwa. Akanunua mkeka mpya, mzuri, wa rangi, akautandika chini ya dirisha. Kila mtoto aliyevimba akae pale na mama yake, ahudumiwe mwanzo. Ilikuwa heshima. Sisi wa Kisauni na Mkomani tulilijua neno chirwa kama mtu anavyojua jina la mtaa asiokaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri mkeka ule ungesema nini kwa mtu wa Timbwani.

Wa kwanza kuelekezwa pale alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mwanakombo, mrefu, mpole, mke wa Bakari, kuli wa bandarini. Alikuja na binti yake Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema kabla ugonjwa haujamnyamazisha. Sista akambonyeza mtoto mguu, akatikisa kichwa, akamwonyesha Mwanakombo mkeka. Mwanakombo aliutazama mkeka, akawatazama wanawake kwenye benchi, akaenda akaketi. Alipoketi, jirani yake wa Timbwani aliyekuwa na kichanga alivuta pindo la leso akamfunika mwanawe uso, asionane na Riziki.

Niliona, na nikaendelea kukuna nazi. Nilipoinua tena macho mkeka ulikuwa mtupu. Kabla ya alasiri Timbwani nzima ilijua kwamba hata kliniki ya serikali imethibitisha, mtoto wa Bakari ana chirwa.

Tangu siku hiyo watoto waliovimba walianza kupungua. Sista alifurahi, akatwambia ugonjwa unarudi nyuma. Bi Kibibi, ambaye alikuwa bado anakuja kutuketia pale ingawa alishastaafu, alimwacha amalize furaha yake.

"Hawajapona, Sista," akamwambia. "Wamefichwa."

Akamweleza yote aliyokwisha kuyasikia kwenye feri na kwenye foleni ya maji. Sista uso ukamwiva. Kisha akauinua mkeka mwenyewe, akaukunja, akautupa juu ya kabati, akauliza, "Tufanyeje?"

"Waketi pamoja," akasema Bi Kibibi. "Walovimba na walonenepa, wa huyu na wa yule, sinia moja. Akija mtu asijue nani mgonjwa na nani mgeni."

Hivyo ndivyo lilivyoanza sinia la Likoni, ambalo baadaye watu walikuja kulitazama na kuliandika kama ujanja wa kuwafanya watoto wapende mboga. Na kweli liliwafanya wapende. Mtoto anayemwona mwenzake anagombania tonge la kunde hatakubali yeye aachwe. Lakini hatukulianzisha kwa ajili ya mboga, tulilianzisha ili kuficha aibu.

Kwa Mwanakombo tulikuwa tumechelewa. Hakurudi. Nilipoona majuma yanapita, nilishika njia siku moja baada ya kazi nikaenda Timbwani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanamisi.

Alinipokea vizuri mno, kama wanavyojua kupokea watu wa kule. Akanipa kiti, akanipa maji, tukaulizana hali mpaka tukafika kwa wajomba. Riziki alikuwa amelazwa ukumbini juu ya leso, na hirizi shingoni. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai ya rangi na vipande vya muhogo vilivyokauka.

"Mamake yuko wapi?" nikauliza.

"Kwao, njia ya Waa. Mganga kasema asimguse mtoto mpaka aseme."

"Amesema?"

"Hana asemalo. Yuwaapa tu." Akautengeneza ushungi wake. "Wallahi nalimpenda, Bi Zena. Nalimpenda kama wa kumzaa."

Nikamwomba tumpeleke Riziki hospitali kubwa ng'ambo ya feri. Akakataa, alikuwa na jirani aliyepelekwa huko akarudi kwenye jeneza. Nikamwomba basi nimpikie mimi. Akasema mganga amekataza samaki, nyama na mayai.

"Kunde je, alizitaja?"

"Hakuzitaja."

"Njugu?"

Akafikiri. "Hakuzitaja."

"Basi hizo ni halali yake," nikasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, maana alikuwa mtu na alikuwa amechoka.

Kumlisha mtoto wa namna ile ni kazi ambayo siwezi kuieleza ikaeleweka. Nilipika uji mwepesi wa mtama wenye njugu zilizotwangwa laini na tone la tui. Nikawaita watoto wa majirani, nikawaketisha kwenye sinia, nami nikakaa katikati yao nimempa Riziki mgongo. Wale hawakuhitaji kufundishwa, walivamia. Mimi nikawa nacheka nao, nasifu njugu, huku mkono wangu uko nyuma, uji juu ya ncha ya kidole, umekaa tu hewani karibu na midomo yake. Siku ya kwanza hakuugusa. Siku ya pili nilihisi ulimi, mkavu, mara moja. Nililia kwa furaha mbele ya watoto wa watu, wakashangaa.

Nilikwenda kila jioni kabla ya kuvuka feri kurudi kwangu. Nilimfundisha bibi yake kumpa kidogo, mara nyingi, asimjaze, maana tumbo lililofunga likijazwa kwa pupa linaua. Siku nyingine alitapika vyote. Siku moja nilimkuta baridi, amefunikwa, majirani wameanza kuketi kwa namna ile ya kungojea, nikadhani tumemkosa. Bi Mwanamisi na mimi tulikaa tukimpasha moto baina yetu, zamu kwa zamu, na alipozinduka tulimwonjesha uji wa chumvi kidogo, akaumeza. Sikumpenda mwanamke yule, lakini kwa saa zile hatukuwa na mwingine zaidi yetu.

Na wakati huo huo Mwanakombo alikuwa akija kliniki. Alikuja kwa miguu kutoka kwao, akasimama nyuma ya ua wa makuti, hakukubali kuingia.

"Bi Zena, shikamoo. Yuwala?"

"Marahaba. Jana hakula. Juzi alilamba."

"Alilamba nini? Wa njugu au wa kunde? Ulikuwa moto?"

Alitaka kujua kila kitu, hata sahani ilikuwa ya rangi gani. Nilimwingiza kwa nguvu jikoni kwangu, nikampa kunde achambue, ili awe na la kufanya na mikono. Alichambua kwa namna ambayo sijaona, moja moja, kama kwamba Riziki atazila zile zile.

"Hawanipi mtoto wangu, Bi Zena," aliniambia siku moja. "Na mimi sina la kusema. Nikisema uongo, nimtaje mtu, hwenda nikafanyiwa dawa nikarejea. Lakini nimtaje nani?"

"Usimtaje mtu," nikamwambia. "Mtoto akipona kwa chakula, kila mwenye macho ataona kwamba ni chakula kilichokosekana. Utarudi nyumbani kwako."

Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimepika miaka, nilikuwa nimeona watoto wakigeuka mbele ya macho yangu, na nilidhani kinachoonekana kwangu kinaonekana kwa kila mtu.

Ikafika jioni moja kwenye sinia, mtoto wa jirani alinyoosha mkono upande wa Riziki kumchukulia tonge lake la kunde, na Riziki akamsukuma. Akamsukuma kwa hasira, akalivuta tonge kwake, akalitia mdomoni lote. Bi Mwanamisi akapiga kigelegele. Nyinyi wa mizani na vipimo mna ishara zenu, lakini mimi nawaambia mtoto anayegombania chakula ameamua kuishi.

Baada ya hapo alipanda kwa haraka. Uvimbe ulishuka, na chini ya uvimbe tukamkuta mtoto mwembamba, mwenye macho makubwa, mdomo haukai. Nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mizizi. Akasimama kwa kushika ukuta. Akawa anapenda kunde kuliko mahamri, mpaka majirani wakamtania. Nikaona saa imefika. Nilivaa buibui langu la sikukuu, nikamshika Bi Kibibi mkono kwa sababu ya macho yake, tukaenda Timbwani siku ya Ijumaa, tukijua Bakari atakuwa nyumbani.

Tulimkuta anakula. Alituamkia kwa heshima, akataka kuacha chakula, tukamzuia. Nikasema niliyokwenda kuyasema. Mtoto amepona, alhamdulillahi, na amepona kwa njugu na kunde na mtama. Hakukuwa na chirwa. Mkewe hana kosa, amrudishe.

Aliyejibu ni mamake Bakari.

"Mwanamke kaondoka, mtoto kapona," akasema taratibu, bila ubaya. "Bi Zena, wataka ushahidi gani tena?"

Katika jioni zote zile sikuwahi kuliona jambo hili kutoka upande ule.

"Ni kunde, Bi Mwanamisi. Wewe mwenyewe umempa kwa mkono wako."

"Kunde zilikuwapo hata mamake alipokuwapo. Samaki walikuwapo. Nyumba hii haijalala njaa tangu nilipoolewa mimi. Mbona havikumponya?"

"Hakuwa akipewa."

Nilipolisema neno lile nililisikia jinsi lilivyo. Bi Mwanamisi aliinuka, hakuwa mrefu, lakini aliinuka.

"Nani hakumpa? Sema, maadamu umekuja na shahidi. Nyumba hii ilimnyima nani chakula? Mwanangu ale, na mjukuu wangu afe kwa njaa mbele yake? Ndivyo usemavyo?"

Bakari alikuwa na kichwa cha samaki mkononi. Alikirudisha kwenye sahani polepole, akakitazama. Nakwambieni alielewa. Uso wake haukuwa wa mtu asiyeelewa. Akavuta pumzi, na mimi na Bi Kibibi tukangoja.

"Dada Zena," akasema, "mumefanya wema mkubwa, Mungu atawalipa. Haya mengine tuachieni wenyewe."

Tulitoka. Njiani Bi Kibibi alikanyaga kwa kupapasa mpaka tulipoiona feri.

"Tumemponya mtoto," akasema, "na tumemfunga mamake."

Kwa miaka nimeligeuza neno lile kichwani. Watu wale hawakuwa wabaya. Ilikuwa rahisi kwao kuamini dhambi ya mke kuliko kuamini kwamba mtoto alinyauka katikati ya nyumba inayokula vizuri, kwa desturi waliyorithi kwa wazee wao na kuiona adabu. Dhambi ingekuwa ya mtu mmoja, akitolewa imetoka. Lile jingine lingekuwa lao wote, kila siku, kwenye kila sahani. Bakari alipeleka talaka kabla mwezi haujaandama. Nilikasirika nikakaa na hasira ile kama kaa la moto, na bado haijapoa.

Ndiyo maana nawaambia nyinyi vijana, na msidhani mimi ni bibi wa kulalamika tu. Mkiingia kwenye nyumba ya mtu kumfundisha mtoto kula, jueni hamwingii jikoni peke yake. Ulizeni kwanza nani anakula nini, na nani anakula mwisho. Ulizeni mtoto asipokula analaumiwa nani. Na mtoto akipona, msikimbilie kushangilia kabla hamjajua kupona kwake kutaandikwa kwa jina la nani.

Mwanakombo hakuacha kuja kliniki. Niliogopa atajitupa baharini, basi nikamwambia nahitaji mkono jikoni, na Sista akafumba macho. Alikuwa na kipaji. Watoto wagumu kuliko wote walikula kwake, na sijui alikuwa akifanya nini zaidi ya kukaa karibu nao kwa utulivu. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuchambua samaki. Aliketi kwenye sinia, akatoa miiba yote kwa vidole, akawagawia watoto wa watu mnofu mweupe, huyu na huyu, na mama zao walikuwa wakimwombea dua.

Ukafika mwaka wa Uhuru. Likoni ilikuwa imechangamka, watu wanapaka nyumba chokaa, na kwenye foleni yetu wanawake walikuwa hawana jingine ila bendera mpya. Asubuhi moja aliingia mwanamke kijana, mwenye adabu na mimba changa, amemshika mkono msichana mnene, msafi, nywele nyeusi zimesukwa. Alikuwa mke mpya wa Bakari. Hakupata kumwona Mwanakombo maishani mwake, wala hakukuwa na sababu ya kumjua. Alimpimisha mtoto, akaambiwa ni mzima kabisa, akaketi kwenye benchi na kumwelekeza kwenye sinia.

Nilikuwa nimeshika upawa. Nilitaka kuita jina, na sikujua nimwite nani kati yao.

Riziki alikuja akatafuta nafasi, akaipata mbele ya Mwanakombo. Bibi yake alikuwa amemlea kwa heshima zote, kwa hivyo kabla ya kuketi akaunyoosha mkono kwa mtu mzima aliyemkuta.

"Shikamoo."

Mwanakombo aliushika ule mkono mdogo, akauangalia.

"Marahaba," akajibu.

Akamchagulia kipande kikubwa cha mnofu, akakipitisha vidoleni mara mbili kuhakikisha hakuna mwiba, akamwekea mbele yake. Riziki alikila chote kwa hamu, akaomba kingine, akala na hicho. Kisha akainua kiganja chake kitupu, kilichong'aa mafuta ya samaki, akageuka kumwonyesha mamake, yule wa kwenye benchi.